Naombeni ushauri: nawafundishaje watoto watulie wakiwa pangoni?

Anko Dom
Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma, Nkuhungu. Likizo ya mwezi wa sita nataka kupeleka watoto Kondoa wakaone mapango yenye michoro ya kale, wapo 11, mdogo ana miaka 6 mkubwa 12. Shida yangu ni utulivu. Watoto wa mjini hawa wakifika sehemu yenye mwangwi ni makelele mwanzo mwisho, sasa nawaza wakiingia kwenye lile giza na yale mawe yanayoning'inia kama meno, mmoja akipiga ukunga wote si wanatawanyika. Nataka wajifunze mazingira kistaarabu, sio kupiga selfi. Walimu na wenye uzoefu mnawaandaaje? Matani pembeni tafadhali.

Mama Pacha Area C
Watoto 11 halafu matani pembeni 😂😂 mimi wangu wawili tu nikienda nao soko la Majengo narudi na kiatu kimoja.

Mwl Mstaafu
Kijana, utulivu haufundishwi mlangoni mwa pango, unaanza nyumbani. Wiki moja kabla wakalishe chini ya mti, wafumbe macho, kila mmoja ahesabu sauti anazosikia, ndege, upepo, bodaboda, chochote, anayetaja nyingi ndo mshindi. Mtoto akishaonja kwamba ukinyamaza unasikia vingi hutamkemea tena. Nakwambia hivi kwa sababu mwaka 1989 nilikuwa nafundisha upande wa Manyoni tukaenda matembezi na darasa la tano, kijana mmoja akaona tundu kwenye jiwe nyuki wanaingia wanatoka, akarusha kokoto, we! Nilikimbia na tai shingoni mpaka mtoni, watoto walifika kabla yangu, na yule aliyerusha kokoto hakuumwa hata na mmoja, mimi nilivimba jicho siku nne na mkuu wa shule akanikata mshahara wa siku hizo. Sijasahau mpaka leo.

Nesi wa Zamu
Mie naongelea popo. Kama kuna pango la ndani lenye popo msiingize watoto kabisa. Kuna kuvu wanaota kwenye kinyesi cha popo, vumbi lake likivutwa mtu anapata ugonjwa wa mapafu unaofanana na TB. Na Marburg, ile homa ya kuvuja damu, tuliisikia Kagera 2023, popo wa matunda ndo wanatunza kirusi chake. Mtoto asishike popo hata aliyekufa. Hapo hata uwe na mbinu za utulivu mia hazisaidii.

Mtumishi
Tatizo ni malezi. Watoto wamelelewa na simu, leo mnataka wanyamaze porini. Zamani mzazi akikukata jicho tu unakaa.

Binti Irangi
Kaka, mimi mwenyeji wa kule. Pango lipi unaenda, na nani anawaongoza? Maana pale Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, unalipa kiingilio mnapewa mtu wa kuwapandisha.

Anko Dom
@Binti Irangi sio yale ya Kolo. Kuna jiwe moja rafiki yangu analijua, halina watalii, tunapumua vizuri. Mwongozaji wa nini wakati mwenyeji ninaye. Turudi kwenye swali, mbinu za kuwatuliza.

Binti Irangi
Mbona unakwepa? "Tunapumua" maana yake mshawahi kwenda. Nini kilitokea?

Mama Pacha Area C
Naweka kiti hapa.

Anko Dom
Sawa nisiwafiche. Pasaka nilienda na wanne, mmoja ni mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Kwenye lile jiwe kuna mchoro wa twiga, mwekundu, mzuri sana. Nimegeuka kidogo tu nakuta bwana mdogo kaandika jina lake kwa mkaa pembeni ya twiga, herufi kubwa kubwa. Nikashtuka. Nikachukua maji ya kunywa na fulana yangu nikafuta. Jina likatoka ila na twiga akapauka kidogo. Ndo maana safari hii nataka watulie. Huyo mpwa nishaamua namwacha nyumbani.

Binti Irangi
Ulifuta kwa maji. Na kitambaa. Mungu wangu. Mkaa ungeuacha tungepata mtu anayejua kazi hiyo, sasa umesugua rangi yenyewe. Ile nyekundu ni unga wa jiwe, imekaa hapo kabla ya bibi wa bibi zetu, ile michoro myeupe ndo ya karibuni zaidi. 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili, 2006 UNESCO wakaiweka urithi wa dunia, wewe chupa moja ya maji. Na huo mkaa ulitoka wapi?

Anko Dom
Tulichoma mahindi. Kidogo tu, kwa sababu kulikuwa na manyunyu tukajikinga chini ya jiwe. Lakini wakuu tuwe wakweli, wenyeji wenyewe wanaenda kufanya matambiko Mungomi, lile pango la kule Kolo, wanamwaga pombe, wanachinja mbuzi. Maji yangu lita moja na nusu ndo yawe kesi?

Binti Irangi
Wale wanaenda kwao. Bibi yangu kabla ya kusogea kwenye jiwe alikuwa anapiga hodi, kweli kabisa anasimama anasema hodi, anangoja, ndo anaingia. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka siku alituuliza nyinyi kwa jirani mnaingiaje. Pombe inaharibu pia, sikatai, wazee na watu wa ofisi wamevutana sana juu ya hilo. Ila mzee akimwaga pombe anaomba mvua, wewe ulikuwa unaficha ushahidi.

Mzee wa Mlenda
Uuuwi. Hapo kaka nakuonea huruma 😂

Wakili wa Kijiweni
Angalizo, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, michoro ya miambani inalindwa hata kama jiwe halina kibao wala mlinzi. Nyuzi kama hizi andikeni taratibu.

Sitaki Chai
Mnahangaika bure, hii chai tena ya tangawizi. Mimi nimepeleka wageni Kolo mara tatu. Michoro ile haiko gizani, ni miamba imeinama kama kibaraza cha nyumba, jua linaingia, unasimama unaangalia. Huyu kwenye posti ya kwanza kasema giza na mawe yanayoning'inia kama meno, hayo ni ya Amboni, Tanga, kule ni jiwe la chokaa, maji yanadondoka tone tone miaka nenda rudi ndo meno yanaota. Hajawahi kufika Kondoa huyu. Mod funga.

Mtumishi
Hata mimi nilihisi. Vijana wanatunga uzi wapate komenti.

Mama Pacha Area C
Na mimi nimekumbuka, mwezi uliopita huyu huyu aliuliza mahari ya Wagogo ni ng'ombe wangapi. Watoto 11 kawatoa wapi bachela?

Anko Dom
Sio chai jamani. Nimeandika Anko Dom, sijaandika Baba Dom. Wanne wa Pasaka ni wa dada yangu na majirani, hawa 11 ni wa wazazi walionilipa. Nimeanzisha kaofisi ka kutembeza watoto likizo. Maneno ya giza na meno ni ya kwenye tangazo langu, nimeyazoea mpaka nikayaweka huku. Picha ya tangazo niliitoa mtandaoni, ni ya Amboni kweli, ile ya Kondoa kwenye simu haionekani kitu, jiwe na wekundu wekundu. Nishapokea elfu 25 kwa kila mtoto, nusu ya Hiace nishalipa, fulana zimechapwa. Siwezi kurudi nyuma. Na dada hajui habari ya mkaa naombeni msinitafute.

Sitaki Chai
Basi sio chai, ni utapeli. Nafuta kauli ya kwanza.

Mwl Mstaafu
Mwacheni kidogo. Kijana, huyo mpwa umemwelewa vibaya. Mtoto wa miaka 9 kafika kwenye ukuta umejaa michoro, mjomba kawasha moto, mkaa uko miguuni, yeye akajua hapa ndo mahali pa kuchora. Kwa akili yake alikuwa anajiunga na wenzie. Hukumwambia kabla. Mpe kila mtoto daftari na penseli, wakae hatua tano kutoka kwenye jiwe wachore wanachokiona, utashangaa, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunga wenyewe. Moto hapana, mahindi mle kwenye gari. Na mpwa usimwache. Katika wote hao ni yeye peke yake anayejua mkaa unafanya nini.

Nesi wa Zamu
Na watu wazima wangapi? Watoto 11 na wewe peke yako hata mimi wodini sikubali.

Anko Dom
Mimi na dereva.

Nesi wa Zamu
Dereva analala kwenye gari, tunawajua.

Binti Irangi
Jiwe la rafiki yako liache. Nenda Kolo, toka Kondoa mjini ni kama kilomita 25 barabara ya Babati, lami. Ingia ofisini kwanza, waambie kuhusu lile jiwe na ulichofanya, wajue lilipo kabla mwingine hajaenda na fulana yake. Halafu tuma picha ya kweli kwenye grupu la wazazi, anayetaka hela yake umrudishie.

Anko Dom
Kolo nitaenda, hilo nimekubali. Hiyo ya kuwaambia ofisini naomba niifikirie. Wazazi nitawatumia picha ila fulana zina ule mchoro wa meno, sijui nifanyeje.

Mzee wa Mlenda
Wavae ndani nje 😂😂

Binti Irangi
Nikuulize kitu kimoja tu. Huyo twiga, bado anaonekana?

Anko Dom
Miguu ipo. Shingo unaiona kama unajua pa kuangalia.