Kamba wanakufa siku ya 26, ni ugonjwa wa madoa meupe?

Kidimbwi77:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina bwawa la kamba vannamei, leo siku ya 26 tangu nipandikize vifaranga. Juzi nimeinua trei nikakuta chakula kiko vilevile. Jana nikaokota mizoga kama arobaini. Leo sijahesabu, nimetumia ndoo. Wachache wana madoa meupe kichwani. Aliyeniuzia vifaranga aliapa wamepimwa, karatasi sijaiona mpaka leo. Jirani ananishauri nifungue lango, maji yote yaende mkondoni, nianze upya. Nimwage?

BabaKamba:
Usimwage! Mkondo huohuo ndio utakaovuta maji kesho, na kaa wa humo hubeba virusi vya madoa meupe bila kufa.

Bandua gamba la kichwa, lisugue, liinue kwenye mwanga. Doa la virusi limo ndani ya gamba, halifutiki. Ila mimi nataka kujua ini. Likoje? Na utumbo?

Kidimbwi77:
Nimepasua sita. Madoa yamefutika. Utumbo mtupu, kama uzi wa nailoni. Ini limesinyaa na kupauka, mawili yana michirizi myeusi. Nikiliminya halipasuki, linateleza kama kipande cha mpira.

BabaKamba:
Pole sana ndugu yangu. Ini la kamba mwenye afya lina rangi ya kahawia kuelekea chungwa, na ukilibana tu kwa vidole linapasuka. Hilo lako, tena ndani ya siku 35 za mwanzo, linanipeleka kwenye ugonjwa wa vifo vya mapema. Ni bakteria, Vibrio parahaemolyticus wenye sumu ya PirA na PirB. Uliwapiga wafugaji wa China na Vietnam miaka kadhaa, wengine wakawa wanalaumu viuatilifu, mpaka 2013 timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona ilipomnasa mhusika. Thibitisha kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya bakteria, na upeleke waliodhoofika, si mizoga iliyooza.

Maji uliyaandaaje?

Kidimbwi77:
Klorini. Nikaua kila kitu, yakawa meupe unaona mpaka chini. Siku ya tatu nikaweka vifaranga. Nilijisifu kweli.

MamaVifaranga:
Naingilia hapo. Ukishaua kila kilichomo, vibrio ndiye anayewahi kurudi, na anakuta nyumba haina mtu. Maji yalitaka kuachwa kwanza yapate rangi, vijidudu vingine vishike nafasi. Mimi pia nilijifunza kwa hasara.

Sasa acha kulisha, maana punje isiyoliwa inawalisha hao bakteria. Mizoga izike mbali na maji, mwagia chokaa. Bwawa likishindikana, weka klorini gramu 30 kwa kila mita ya ujazo, kaa nayo siku kadhaa ndipo utoe maji. Na antibayotiki usiguse: kamba asiyekula atamezaje dawa? Utaishia kufuga bakteria sugu.

Kidimbwi77:
Lango nimelibana kwa mifuko ya mchanga, jirani ameninunia. Tatizo ni kwamba wavu ninaookotea mizoga ni wake, na jioni anautaka.

MamaVifaranga:
Usiurudishe hivyo! Uchovye kwenye klorini, usuuze, uanike mpaka ukauke kabisa. Na umwambie kwa nini umechelewa, hata kama amenuna.