Picha za magazeti za marehemu mjomba: je, nibandue karatasi zilizo nyuma?

Mwana wa Kibokoni
Hamjambo, ndugu. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisafisha picha katika chumba cha giza cha gazeti moja la Nairobi tangu miaka ya 1960, na alipostaafu alirudi Mombasa na katoni nzima ya picha nyeusi na nyeupe ambazo ofisi ilikuwa inazitupa. Nyuma ya nyingi kuna mihuri, tarehe na kipande cha karatasi kilichopigwa taipu, ambacho gundi yake sasa imetoa madoa ya kahawia. Mbele, baadhi zimechorwa mistari ya penseli nyekundu na kupakwa rangi nyeupe kuzunguka vichwa vya watu. Saba au nane zimegandana. Ninakusudia kuvibandua vipande hivyo, kuifuta rangi, kisha zote zikapigwe laminesheni. Je, niko sawa?

Fundi wa Hasi
Tafadhali usifanye hata moja kati ya hayo matatu. Mistari hiyo ni ya mhariri, aliyeonyesha picha ikatwe wapi. Rangi ilipakwa ili mtu ajitenge na mandhari yaliyo nyuma yake, kwa kuwa mashine za wakati ule zilichapa kwa vitone na kijivu chote kilimezana. Ukibandua karatasi ya maelezo, utabaki na wanaume watatu wenye suti wanaoshuka kwenye ndege, usijue ni nani wala walikuwa wanatoka wapi. Laminesheni nayo ni joto na gundi ambayo haitoki tena.

Zilizogandana zisivutwe. Uso wa picha hizo ni jelatini, ambayo hulainika kwa unyevu na kunata. Wapo wanaoziloweka katika maji safi ya baridi zikaachana, lakini wino wa mihuri unaweza kuondoka na maji hayo. Mimi ningeziacha mpaka nimpate mtaalamu.

Bi Mtunzaji
Naongeza juu ya hifadhi, maana hewa ya Mombasa haina huruma. Unyevu unaofaa ni kati ya asilimia 30 na 50, jambo ambalo kwetu pwani halipatikani bila mashine. Basi angalau zitoe juu ya kabati, kwenye joto la dari, uziweke chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje. Kila picha iingie katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Plastiki ya polista inafaa pia, ila PVC, ile laini yenye harufu, ikimbie. Ondoa klipu, raba na selotepu ambayo imeachia yenyewe. Ukitaka kuandika kitu, tumia penseli laini, nyuma, pembeni kabisa.

Usishangae zikiwa na manjano kuliko picha za studio za umri uleule. Gazeti lilikuwa linasubiri, hivyo mara nyingi picha haikuoshwa vya kutosha, na kemikali iliyobaki ndiyo inayoyala polepole madini ya fedha yaliyomo kwenye picha.

Msomaji wa Zamani
Kuwa na picha mkononi si kumiliki hakimiliki yake. Kwa sheria ya Kenya, picha hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa kwanza, kwa kufuata tarehe ya mwisho kati ya hizo. Iliyochapishwa mwaka 1965 imeshatoka kwenye ulinzi huo. Ambayo haikuwahi kuchapishwa ina hesabu nyingine. Usidharau katoni hiyo: mpigapicha wetu Priya Ramrakha aliuawa Nigeria mwaka 1968 katika vita vya Biafra, na hazina ya kazi zake ilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye ndani ya gereji moja Nairobi.

Mwana wa Kibokoni
Ahsanteni sana. Laminesheni nimeiahirisha, na jana usiku niligeuza picha moja ya bandari ambayo nilikuwa nimeidharau. Nyuma ina mihuri mitatu ya tarehe za miaka tofauti, kumbe ilitumika mara tatu, na chini yake kuna neno moja la penseli, "irudishwe", kwa mwandiko wa mjomba.