Msimamizi wa h 58 au wa h 16? Kemia ya madini mwilini

Binti_Konde:
Assalamu alaykum. Nimemaliza shahada ya kwanza ya kemia. Kwetu Konde, Pemba, ila kwa sasa nipo Unguja, nasomesha skuli moja kwa muda. Nataka kusoma uzamili wa kemia bayoinoganiki: namna chuma, zinki na shaba zinavyofanya kazi ndani ya protini. Wasimamizi wawili wa nje wamenijibu. Mmoja makala zake zimenukuliwa zaidi ya mara 12,000, na h yake, ile nambari ya kupima mtu ananukuliwa kiasi gani, ni 58. Wa pili ana 16 tu, lakini barua yake ilikuwa ndefu, kanieleza mradi mzima, mpaka chumvi ya shaba nitakayoanza nayo. Kaka yangu ananambia niende kwa mkubwa bila ya kufikiri mara mbili. Hizi nambari khasa zinasema nini juu ya mtu?

Mwalimu_Wete:
Waalaykum salaam mwanangu. Kaka yako kasema kweli. Ukija kuomba kazi, barua ya mtu anayejulikana inasomwa mwanzo. Nenda kwa mkubwa.

Maabara_Chake:
Mwalimu, shikamoo. Kwa hili naomba nitofautiane nawe.

Dada, h aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtu mwenye h 58 ana makala 58 ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 58. Basi. Nambari hiyo haishuki hata mtu akiacha kufanya kazi, na aliyeanza zamani kwa kawaida humzidi aliyeanza juzi. Kabla hujawalinganisha, angalia kila mmoja kaanza kuchapisha mwaka gani.

Halafu angalia wananukuliwa kwa lipi. Kwa miongo mingi makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani imekuwa ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, zaidi ya mara 300,000. Inaeleza namna ya kupima protini: unatia shaba kwenye alkali, unaongeza dawa ya maabara iitwayo Folin, na buluu inakolea kadiri protini inavyozidi. Ni kazi nzuri na imesaidia watu wengi mno, lakini wengi wao waliitaja kwa sababu wameitumia kupimia tu.

Sasa njoo kwetu. Mimi kazi yangu ni kupima damu. Tone moja la kidole, unalivuta kwenye kikuveti, kile kichombo kidogo cha kupimia, unasubiri nambari, na mama kakaa mbele yako na mtoto mweupe viganja, damu haimtoshi. Kila mtu angesema mpe chuma. Ndivyo lilivyoanza lile jaribio la hapa Pemba, watoto zaidi ya 24,000, likachapishwa kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2006. Waliopewa chuma na asidi foliki (aina ya vitamini) walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu ya chuma ikasimamishwa 2003, kabla ya wakati wake. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa sehemu zenye malaria nyingi. Ukiwa mwanakemia hili linakuhusu moja kwa moja: vijidudu navyo vinataka chuma, ndiyo maana mwili haukiachi kikatembea ovyo kwenye damu, unakifunga ndani ya transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu.

Makala ile imenukuliwa sana. Wapo wanaoitaja kuiunga mkono, wapo wanaoitaja kubishana nayo, na kompyuta inawahesabu wote sawa. Kwa hiyo fanya hivi: kwa kila msimamizi, tafuta makala chache za watu wengine zilizomtaja, usome sentensi ile ile aliyotajwa. Utaona kama wamejenga juu ya kazi yake au wamempitisha tu kwenye orodha ya majina kumi.

Binti_Konde:
Ahsanta sana kaka. Nimekesha nikisoma. Yule wa 58, sehemu kubwa ni makala za mapitio, zinazokusanya kazi za wengine, watu wanamtaja kwenye aya ya kwanza. Wa 16 ameanza kuchapisha 2014, na kundi jengine kabisa limechukua ligandi yake, ile molekuli inayoshika madini, likaitumia kwa protini yao, wameeleza hatua kwa hatua. Nimevutika naye.

Mwalimu_Wete:
Marahaba Chake. Kama ni hivyo, mwanangu, muulize pia wanafunzi wake waliotangulia wako wapi leo.

Maabara_Chake:
Na muulize habari za mashine ya EPR, inayogundua elektroni zisizo na mwenzake, kama anayo hapo hapo au sampuli zinasafirishwa chuo chengine. Shaba yenye chaji mbili ina elektroni moja isiyo na mwenzake, EPR inaiona vizuri. Zinki haionekani kabisa. Mradi wako ukiwa wa shaba, mashine hiyo utaihitaji kila wiki.