Je, matibabu ya wapiganaji wa Vita vya Kagera yatengewe fungu maalumu katika bajeti?

Mkulima wa Mafinga

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunasikia maneno mazito kuhusu waliojitolea kwa ajili ya nchi hii. Huku Mufindi nina jirani, baba wa makamo ya mzee wangu, aliyechukuliwa kutoka mgambo mwaka 1978, akapigana hadi Uganda, kisha akarudishwa nyumbani kulima. Paja lake la kushoto lina kipande cha chuma, na baridi ya Juni ikianza hawezi kushuka bondeni bila fimbo. Zahanati humpa vidonge vya maumivu; akiandikiwa rufaa, nauli na vipimo ni juu ya wanawe. Kwa kuwa hakuwa askari wa kudumu, hana pensheni. Je, wabunge wetu wadai fungu maalumu kwa matibabu ya watu kama huyu, au tusubiri Bima ya Afya kwa Wote iwachukue pamoja na wananchi wengine? Nasikia Marekani mjadala wa namna hii uliwahi kukwama bungeni, anayeujua atueleze.

Mhasibu, Uyole

Ndugu Mkulima, mjadala huo ulikuwa wa mwaka 2022, kuhusu muswada wa PACT, uliopanua matibabu kwa wapiganaji waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Iraq na Afghanistan, na waliodhuriwa na sumu nyingine tangu Vietnam. Mwezi Juni Seneti iliupitisha kwa kura 84 dhidi ya 14. Uliporudi Julai kwa marekebisho ya kiufundi, kura za kufunga mjadala, ili muswada upigiwe kura ya mwisho, hazikutosha. Seneta Pat Toomey wa Pennsylvania hakusema kwamba wapiganaji wasitibiwe; alipinga namna fedha zilivyopangwa, kwa hoja kwamba dola bilioni 400 za miaka kumi, ambazo zilikuwa zikiidhinishwa mwaka hadi mwaka, zingehamishiwa kwenye matumizi ya lazima na kuacha mwanya wa kujazwa na matumizi mengine. Wapiganaji wakapiga kambi kwenye ngazi za Bunge, muswada ukapita tarehe 2 Agosti kwa kura 86 dhidi ya 11, na Rais Biden akausaini tarehe 10.

Ninachotaka tukizingatie ni hiki: fedha inayoombwa upya kila mwaka hukatwa mwaka ukiwa mgumu, lakini iliyowekwa na sheria hulipwa. Hapa kwetu malipo ya deni la taifa hutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kwa mpango huo wa lazima. Tukidai fungu, tudai la aina hiyo.

Muuguzi, Iringa Mjini

Mimi nina wasiwasi na fungu jipya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 tayari inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na karibu wapiganaji wote wa Kagera wameshavuka umri huo. Tatizo ninaloliona kazini ni kwamba msamaha hauji na fedha zake. Mzee anapita kwa afisa ustawi wa jamii, anafika dirisha la wazee, anaonwa vizuri na daktari, halafu duka la dawa la hospitali linamwambia dawa hiyo haipo, akanunue nje. Kituo kinachosamehe bila kurudishiwa gharama kitaishiwa tu, hata watumishi wake wawe na moyo namna gani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo, na ningependa nguvu zetu ziende huko.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Binti yangu Muuguzi, hoja ya dawa nimeikubali kwa moyo wote. Ninapokataa ni pale mpiganaji anapolazimika kuthibitisha umaskini wake ndipo atibiwe jeraha la vita. Hata angekuwa na shamba la chai, kile chuma hakikuingia pajani kwa shughuli zake binafsi. Taifa lilimwita, akaitika. Hilo ni deni, na mdai hapangiwi foleni ya msaada.

Kuhusu gharama, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70 au ameshaifikia, kwa hiyo fungu hili litapungua lenyewe mwaka hadi mwaka, na haliwezi kuilemea Hazina. Kazi ngumu ni kuwatambua, maana wengi hawana karatasi. Ningeanza na Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na watendaji wa vijiji, waorodheshe walio hai, na ushahidi wa wenzao waliokwenda nao upokelewe. Kila mwaka tunaochelewa, mashahidi hao nao wanazikwa.

Mkulima wa Mafinga

Shikamoo Mwalimu, na asanteni wote. Nitamwomba mtendaji wetu aingize suala la orodha kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji ujao, kisha tumwandikie mbunge tukiwa na majina mkononi. Muuguzi, naomba utueleze mgonjwa wa aina hii apimwe nini kwanza, ili katika barua tutaje huduma zenyewe tunazodai.