Saa ya marehemu baba yenye jambia usoni: niivae kila siku au niifungie?

Mtoto wa Kikwajuni

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri. Anayetaka kucheka acheke, lakini anijibu kwanza.

Marehemu baba alikwenda Maskati mwaka 1973, zama zile Sultan Qaboos alipokuwa akiwaita watu wa asili ya Oman warudi kujenga nchi, na Waunguja waliosoma wakipata kazi hata sanduku hawajalifungua. Akafanya kazi serikalini miaka mingi kisha akarudi Unguja. Mwaka 1983, akiwa bado Maskati, kazini kwake walimpa saa, Rolex Datejust ya chuma, na usoni ina alama ya jambia na panga mbili zilizopishana, nembo ya Oman. Aliivaa kila siku ya Mungu. Ofisini anayo, akikuna nazi anayo, akifungua pampu ya kisima anayo. Amefariki mwaka jana, na mama kanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume mkubwa.

Mimi n'nafanya kazi Dar, Posta. Asubuhi napanda mwendokasi kutoka Kimara, nikichelewa bodaboda, na kila wiki mbili navuka na boti kwenda kwa mama. Saa yenyewe tangu nipewe imo ndani ya soksi kabatini. Niivae kama alivyokuwa akiivaa yeye, au niiache hapo?

Jambo jengine: nadhani ina ubovu wa zamani. Nakumbuka tangu mdogo, tarehe yake ilikuwa inaruka jioni, si usiku wa manane. Baba hakuwahi kuipeleka kwa fundi kwa hilo.

Kijana wa Goba

Mkuu, Rolex kwenye mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi? Mle hata pete ya ndoa inashuka Magomeni bila mwenyewe. Uza, chukua kiwanja, mkononi vaa Casio. Mzee huko aliko atafurahi ukijenga.

Mama Nabil

Goba umezidisha. Kariakoo nzima imejaa Rolex za elfu ishirini, konda anayo, muuza maji anayo. Kibaka gani atakaa kuchunguza ya huyu ndiyo ya kweli? Anayekwapua dirishani anakwapua simu. Hatari ya vitu hivi inaanza na mdomo wa mwenye navyo. Ukimwambia mtu mmoja tu ofisini, kufikia mwisho wa wiki hata mlinzi wa geti anajua bei. Vaa, nyamaza.

Fundi wa Aggrey

Kaka, nina miaka ishirini na mbili kwenye meza ya saa, kwa hiyo niruhusu niulize kabla ya kujibu. Kioo chake ni cha plastiki au kile kigumu? Ukivuta kile kichwa cha kutilia ufunguo hatua moja, tarehe inaruka peke yake au mpaka uzungushe mishale? Duara linalozunguka kioo ni laini au lina mikunjomikunjo? Chini kabisa ya uso, chini ya 6, pameandikwa nini? Na la mwisho: marehemu alipokuwa akiangalia saa wakati wa adhana ya magharibi, mishale ilisoma ngapi?

Mtoto wa Kikwajuni

Kioo nadhani plastiki, kina mikwaruzo. Tarehe inaruka nikivuta hatua moja. Duara ni laini. Chini pameandikwa T SWISS T. Magharibi... subiri. Ilikuwa inasoma kumi na mbili. Kila mara. Alikuwa akinifundisha kusoma saa kwa hiyo.

Fundi wa Aggrey

Basi saa haina ubovu. Baba yako aliiweka kwa saa za Kiswahili. Sisi wengine tunaangalia namba iliyo upande wa pili, saa inaonyesha 7 tunasema saa moja. Wazee wengine hawakutaka taabu hiyo, wakaweka mshale kwenye 1 ikawa saa moja kweli. Sasa mashine inabadilisha tarehe mishale ikifika 12, mara moja kwa kila mizunguko miwili. Yako ilifika 12 jua likizama. Angeweza kuiweka ibadilike alfajiri, mishale ingesoma vilevile, lakini alichagua magharibi, na kwa hesabu yetu usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Mzee alijua anachofanya.

Hapo kuna tahadhari moja. Saa za umri huo usiirukishe tarehe kwa kuvuta kichwa wakati mishale iko kati ya 9 na 3 zinazozunguka saa ya tarehe kubadilika, meno yanakuwa yameshaanza kushikana, utavunja. Kwa saa iliyowekwa kama ya mzee, huo ni muda wa alasiri mpaka saa tatu usiku.

Duara laini maana yake ni chuma. La mikunjo lingekuwa dhahabu nyeupe hata kama saa yenyewe ni ya chuma, na hapo ungehitaji kumuuliza sheikh, si mimi. Kioo cha plastiki kisikutishe, mikwaruzo hiyo inafutika kwa dawa ya kusugulia na kitambaa. Zile T mbili ni alama ya tritiamu, ile ya kung'aa gizani. Nguvu yake hupungua nusu kila miaka kumi na miwili hivi, kwa hiyo sasa haing'ai tena. Asije fundi akakwambia atapaka upya. Mkatalie.

Sasa swali lako. Kuvaa kila siku hakuiui saa kama hiyo, ilitengenezwa kuvaliwa, na inajitia ufunguo kwa kutikisika mkono wako. Kuiacha kwenye soksi hakuiokoi pia, mafuta ya ndani yanakauka hata ikilala. Ninayoogopa ni mambo mawili. La kwanza maji. Watu wanasikia Oyster, yaani ganda la Rolex la kuzuia maji, wanajitosa baharini. Kweli mwaka 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia nayo kwenye bahari ya kati ya Uingereza na Ufaransa, maji ya baridi yakamshinda akatolewa kabla ya kumaliza, saa ikatoka inakwenda. Lakini ile ilikuwa mpya. Yako ina miaka zaidi ya arubaini, na vile vimpira vinavyozuia maji hukauka kama mpira wowote. Jasho la Dar peke yake linatosha.

La pili ni mkanda. Mikanda ya chuma ya miaka ile ina vipande vyembamba, vinalegea, pini zinalika, kufuli linafunguka lenyewe. Saa nyingi nilizoambiwa zimepotea hazikuibwa, zilidondoka. Ukiwa kwenye bodaboda hutasikia. Ukiwa kwenye boti umeegemea ukingo, ndiyo hivyo tena.

Mzee wa Ruwi

Nimesoma nikasimama. Mimi pia ni wa kizazi hicho, nilifika Maskati mwaka mmoja baada ya baba yako. Zile saa zilikuwa zikiagizwa, nyingi kupitia duka la Asprey la London, kisha zikitolewa zawadi. Yenye jambia si sawa na Datejust nyengine. Wakusanyaji wanazitafuta, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile isiyo na alama. Kwa sababu hiyo hiyo zipo za uongo: saa ya kweli, jambia limechapwa juzi. Kwa hiyo hifadhi kila karatasi, hata barua ya kazini, hata picha ya harusi ambayo mzee ameivaa. Uso usibadilishwe, mishale isibadilishwe, isipigwe polishi, maana kila polishi inakula chuma na kona zinakuwa mviringo. Akibadilisha fundi kitu chochote, hata pini, mwambie akurudishie cha zamani.

Na usiweke picha humu, tafadhali.

Kijana wa Goba

Mara kadhaa?? Mkuu, viwanja viwili.

Abuu Swalha

Ndugu yangu, niwie radhi, lakini mnajadili kuvaa kitu ambacho sijaona mwenyewe ni nani. Mama kakukabidhi, sawa. Lakini haikuwa yake ili akupe. Mtu akifa mali yake yote, hata saa na bakora, ni ya warithi, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mama ana thumuni yake, moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, iliyobaki ni yenu, mwanamume sehemu mbili, mwanamke moja. Kuwa mtoto wa kiume mkubwa hakukupi saa. Je, mirathi imegawiwa? Huko Unguja mnaweza kwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakawapigia hesabu. Wenzio wakiridhia uichukue, iwe imethaminiwa na kila mmoja anajua anachosamehe.

Mama Nabil

Kikwajuni, jibu hilo.

Mtoto wa Kikwajuni

Haijagawiwa. Nyumba tumekubaliana asiuze mtu mpaka mama... mnaelewa. Saa hatukuitaja kabisa. Tuko wanne, wanaume wawili wanawake wawili. Dada yangu mkubwa yuko Maskati. Nawapigia.

Otieno wa Umoja

Mkisubiri, mimi wa Nairobi niseme langu. Nina Omega niliyojinunulia, na naivaa kazini kila siku. Nikishuka matatu Tom Mboya Street iko mfukoni, ule wa mbele wenye zipu. Nikifika ofisini navaa. Nikitoka, mfukoni. Mke wangu huuliza basi hiyo saa ni ya nani, yako au ya kabati la ofisi. Sina jibu.

Bint Pemba, London

Huku saa zinavuliwa watu mkononi mchana kweupe, na wanaovua wanajua wanachotafuta, si kama vibaka wa Kariakoo. Kaka, andika namba ya saa sasa hivi. Kwa umri huo iko ubavuni, kati ya pembe zinazoshika mkanda, mpaka mkanda utolewe ndiyo uione. Ikipotea, bila namba huna la kusema polisi. Kuna daftari la saa zilizoibwa liko huku, Watch Register, wanunuzi wanalipekua kabla ya kutoa pesa. Namba ndiyo inayotafutwa humo. Na ukija kututembelea, iache Unguja.

Mtoto wa Kikwajuni

Nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani.

Dada wa Maskati alikuwa hajui kwamba saa iko kwangu. Akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Kumbe alidhani imezikwa kwenye masanduku ya baba, na alikuwa anaogopa kuuliza asije akaonekana ana tamaa. Tukakubaliana ithaminiwe. Mzee wa Ruwi, Mungu akupe umri, lakini ungenyamaza ningelala vizuri, kwa sababu bei iliyotajwa ilimfanya mdogo wangu akae sawasawa kwenye kiti. Mama kasamehe thumuni. Madada wote wawili wamesamehe, yule mkubwa kwa sharti nisiiuze na Idi nimpelekee aishike. Mdogo wangu hajasamehe, na ni haki yake. Namlipa kidogo kidogo. Mwezi huu nimelipa wa kwanza.

Nimeipeleka kwa fundi, si yule wa humu. Moyo wangu mwepesi, nilitaka nikae pembeni yake akifungua. Vimpira vimebadilishwa, pini mbili pia, za zamani ziko kwenye bahasha. Namba nimeiandika. Alisema "nikuzibie mikwaruzo bure", nikamwambia hapana, akaniangalia kama mtu aliyekataa soda.

Kwenye mwendokasi na bodaboda sivai. Boti sivai. Ijumaa navaa, na siku jirani yangu akinipa lifti, na nikiwa nyumbani kwa mama navaa kutwa nzima. Juzi nimekuna nazi nayo, mama akatoka jikoni akaniona, akarudi ndani bila kusema kitu.

Fundi wa Aggrey

Umeiweka saa ipi?

Mtoto wa Kikwajuni

Ya mzee. Magharibi kumi na mbili.

Kijana wa Goba

Picha basi, hata jambia tu.

Mtoto wa Kikwajuni

Hakuna picha.