Tupeane uzoefu: kimbunga au mafuriko yakishapita, tope na miti mliondoaje na msaada mliupataje?

Mleta mada (Mafia)
Habari zenu wadau. Kila TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari mimi moyo unaenda mbio, maana kimbunga Hidaya kilinikuta hapa hapa Mafia, Mei 4 2024. Tahadhari tulipata mapema kwa kweli, redioni walisema, boti zikasitishwa, wavuvi wakavuta mitumbwi juu. Ila upepo ule jamani. Uliezua paa la jikoni na la chumba cha watoto, mnazi ukalalia choo, njia yote ya kwenda kisimani imeziba miti.

Kosa langu nilisafisha haraka. Kesho yake tu nishachoma makuti, mabati yaliyojikunja nimempa fundi, nimefagia, nikajua nafanya la maana. Watu wa tathmini wanafika siku ya nne wanakuta uwanja mweupe, wakaandika walichokiona, siwezi kuwalaumu. Jirani yangu mvivu kama nini alikuwa hajagusa kitu, kwake wameandika kila bati. Tangu hapo nawaambia watu pigeni picha kwanza, hata kwa simu ya kuazima, paa, ukuta, choo, na mwenye nyumba aonekane kwenye picha, halafu ndo ushike panga.

Nanyi mlifanyaje? Naomba ya kwenu yaliyowatokea, sio ya kusikia.

Muuza duka, Katesh
Pole sana dada. Mimi ni wa Hanang, Desemba 3 2023, Jumapili asubuhi. Sisi hatukuwa na kimbunga, ilinyesha mvua mpaka kipande cha mlima kikalowa kikameguka, kikashuka na mawe na miti mizima mizima. Siku za mwanzo watu walisema volkano, wataalamu wakaja wakasema hapana ni maji. Tulizika watu 89. Hadi leo nikiandika hiyo namba mkono unakuwa mzito.

Nachotaka kusema ni hivi, tope sio maji. Maji yanaondoka yenyewe, tope linabaki na likikauka ni zege. Wanajeshi na JKT walikuja, vijiko na magreda yakafungua barabara kubwa na sokoni, hapo walifanya kazi usiku na mchana Mungu awabariki. Lakini ndani ya nyumba greda haliingii, ndani ni chepe, toroli na ndoo. Tulijipanga watu kumi kumi, leo kwako kesho kwangu, nyumba yenye mzee au mjane inaanza. Dukani kwangu lilifika kiunoni, tulitumia siku tano, na kila tukichota tunachota polepole maana hujui kuna nini chini, naomba nisiendelee hapo.

Halafu angalieni mnapotupa. Wengine walisukumia tope kwenye mfereji, mvua iliyofuata maji yakarudi ndani. Wekeni pembeni ya barabara mahali tipa inafika.

Walioshindwa kabisa kurudi walijengewa Waret, nyumba 109, serikali na Msalaba Mwekundu. Shangazi yangu yuko kule, nyumba nzuri ya tofali, anachokililia ni shamba lake la zamani tu.

Dereva wa lori
Mimi Hidaya ilinikuta barabara ya Kusini, Somanga pale barabara ikakatika, nina mzigo wa Mtwara. Malori na mabasi foleni huku na huku, watoto wanalia njaa. Kina mama wa kijijini walituletea uji na mihogo, wengine hata hela hawakutaka. Sasa fikiria, barabara ikikatika na msaada wa serikali nao unakwama palepale ulipokwama wewe. Kwa hiyo unga wa wiki, chumvi, kibiriti na vidonge vya kutibu maji viwe ndani kabla, usisubiri gari.

Mjumbe wa Mtaa
Ngoja niseme upande wa sisi tunaoandika majina, maana lawama zote huwa zetu. Mafuriko yalipoingia mtaani kwetu nilikuwa na daftari moja na kalamu, kaya zaidi ya 200, na kila mtu anataka aandikwe sasa hivi. Nikakosea. Niliandika wenye nyumba, wapangaji nikawaruka, na mpangaji ndo kapoteza godoro, jiko, sare za watoto, vyeti. Mama mmoja alinifuata akaniambia mjumbe mimi sina ukuta wa kuonyesha, vitu vyangu vimekwenda na maji. Nilirudi kuandika upya nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba mstari wake na mpangaji mstari wake, na nikabandika orodha ukutani watu waisome wenyewe wasahihishe. Kelele zikapungua nusu.

Na mjue, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji na mtaa, kata, wilaya mpaka juu. Kwa hiyo ulizeni mapema, kamati yetu ni akina nani? Siku ya maafa sio siku ya kuanza kufahamiana.

Mama Mabwepande
Sisi tulitoka Jangwani baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011, tukapelekwa Mabwepande kwenye mahema na viwanja. Nashukuru nina changu mpaka leo. Ila kipindi kile baba watoto alikuwa na kibanda Kariakoo, nauli ikala faida yote, wenzetu wengi wakarudi bondeni na sikuwashangaa hata kidogo. Ukisaidiwa kuhama uliza na riziki itatoka wapi.

Jirani wa Nairobi
Poleni wote. Sisi wa Mathare 2024 mto ulitubeba, ile Aprili. Serikali ilisema shilingi elfu kumi za Kenya kwa kila nyumba iliyohamishwa, yangu niliipata, ilinisaidia kulipa deposit mahali pengine. Lakini matope na takataka tulitoa na vijana wa mtaa, wengine hawakuwa hata na gambuti, na miguu ikaoza vidonda. Tafadhali mtu asiingie kwa hayo maji miguu mitupu.

Fundi Chenso (Lindi)
Naongeza moja tu, mti ulioangukia waya usiuguse hata kama umeme haupo mtaani, subiri TANESCO. Na mnazi uliolala juu ya paa ukatwe kuanzia kileleni, kipande kipande, ukianzia kwenye shina unageuka unakuja na ukuta. Nimeshuhudia fundi mwenzangu akivunjika mguu hivyo.

Mleta mada (Mafia)
Asanteni mno, dada wa Katesh nimelia kidogo. Mjumbe, hilo la wapangaji sikuwahi kulifikiria, na nyuma kwangu anakaa mwalimu amepanga chumba, mwaka ule hakuna aliyemuuliza kitu. Jioni hii naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nataka nijue kamati yetu ni nani na nani na kama ina hata panga mbili na chenso (msumeno wa mashine) moja ya kuanzia. Nitarudi kuwaambia alichonijibu.