Bingwa wa ngumi na mateke apande ulingoni bila bima? Tujadili

Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru:
Ndugu zangu, kuna kijana mtaani kwetu, bingwa mwenye mkanda wa ngumi na mateke. Juzi alikula teke la paja raundi ya pili, akamaliza pambano akichechemea, muundi umevimba hadi soksi haivuki. Mwandalizi alimpa nauli na soda. Pesa za eksirei tulichanga sisi kwa M-Pesa.

Msimamo wangu: pasipo bima ya matibabu na daktari kando ya ulingo, kengele isilie.

Nakuru ndondi tunazijua. Philip Waruinge wetu alipata shaba Olimpiki ya Mexico 1968, na bado akapewa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote. Munich 1972 akaleta fedha. Lakini mkumbukeni pia Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988. Alifariki 1994 baada ya pambano Las Vegas, miaka 26 tu. Kama aliumia vile kwenye mji wenye kila kitu, sisi tunaocheza ukumbini bila hata barafu tunategemea nini?

Tena bondia wa kawaida anaweza kuchukuliwa na timu ya Polisi au Magereza, akapata mshahara. Huyu wa mateke mchezo wake hata Olimpiki haumo. Nani atamkumbuka?

Mkazi wa Kondele, Kisumu:
Nakuelewa kaka, lakini hesabu haziingiani. Ukumbi, ulingo wa kukodi, waamuzi, vyote vinatoka mfukoni mwa mwandalizi, na kiingilio cha watu wetu ni kidogo. Mbebeshe na bima, ataacha kabisa. Vijana watapigana vichochoroni bila glovu wala refa.

Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru:
La gharama lina uzito, sikatai. Ndiyo maana simtaki abebe peke yake. Kaunti inayopiga picha na bingwa akirudi na mkanda ilipe nusu. Wakikataa, pambano liahirishwe, hata kama mabango yameshabandikwa.

Ila nikuulize, wewe unayewajua waandalizi wa huko: wakilipiwa hiyo nusu, watakubali daktari asimamishe pambano la bingwa wao mbele ya ukumbi uliojaa? Hapo ndipo nina wasiwasi, na wengine pia naomba mjibu.